Siku kihesabio changu kiliposoma 00 mbele ya tajiri

Juma lililopita kijana mmoja wa Malindi aliniandikia: "Kaka, nataka kuweka kihesabio cha dijitali kwenye programu yangu ya mizani ya samaki, kile chenye tarakimu kama za saa. Nianzie wapi? Au lebo ya kawaida, yaani maandishi tu ya skrini, yatosha?" Nilikaa na ujumbe huo siku mbili bila kujibu. Kihesabio cha aina hiyo nimekiunda kwa mikono yangu, na kuna mtu alifukuzwa kazi kwa sababu yake.

Kazi nilipewa na tajiri mmoja mwenye boti za abiria kati ya Mokowe na Lamu. Aliyewahi kushuka basi Mokowe anajua hali ilivyo: mizigo, watoto, kila mtu ataka kuwahi boti ya kwanza. Tajiri alitaka kila abiria anayepita kuingia botini ahesabiwe, na nambari ionekane kubwa kwenye skrini ya kibanda cha tiketi, ili nahodha ajue boti imejaa bila kumuuliza mtu. Niliweka sensa ya mwanga, yaani kifaa kinachohisi anayepita, kwenye mlango, Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayoisoma sensa), waya wa USB, na programu niliyoiandika kwa lugha ya C# kwenye Windows Forms, zana za kuundia madirisha ya programu za Windows. Vya mlangoni vilikubali upesi, sina la kuvieleza.

Mwanzo niliweka lebo yenye fonti kubwa. Tajiri akaitazama akasema, "Hii ni kama karatasi. Mimi nataka kama ile ya pampu ya petroli." Nikarudi nyumbani Langoni nimeudhika, lakini usiku ule ndipo nilipojifunza kitu ambacho hadi leo nakipenda.

Tarakimu ya dijitali ni vijiti saba. Cha juu kiite a, kisha uzunguke kwa mwendo wa saa: b na c kulia, d chini, e na f kushoto, na g cha katikati. Kila kijiti kipe biti yake, yaani swichi ya kuwaka au kuzima yenye thamani yake: a ni 1, b ni 2, c ni 4, d ni 8, e ni 16, f ni 32, g ni 64. Sasa kila tarakimu ni jumla ya vijiti vinavyowaka. Sufuri huwasha vyote isipokuwa g, kwa hiyo ni 63. Moja ni b na c, yaani 6. Nane huwasha vyote, 127. Jedwali zima kuanzia 0 hadi 9 ni hili: 63, 6, 91, 79, 102, 109, 125, 7, 127, 111. Nambari kumi tu, na kihesabio chote kimo humo. Nilipoona 8 ya kwanza imewaka kwenye skrini nilitoka barazani saa tisa za usiku nikasimama, nimejaa furaha, sina wa kumwambia.

Kijana wangu wa Malindi, kazi yenyewe ni hivi. Unda klasi inayorithi Control, msingi wa vitu vya kwenye fomu kama vitufe, andika upya OnPaint, sehemu yake inayochora, na ndani yake pitia vijiti saba: kila biti iliyowaka, chora kijiti kwa FillPolygon, umbo la pembe sita lililochongoka ncha zote mbili, ukiacha mwanya mdogo kati ya kijiti na kijiti. Vipimo vyote vitoe kwenye kimo cha kontroli yenyewe, usiandike pikseli za kudumu. Weka sifa ya Thamani. Ikibadilika, ita Invalidate, nayo Windows itaita OnPaint wakati wake. Washa DoubleBuffered, la sivyo nambari itapepesa kila ikibadilika. Ukishajenga mradi, kontroli yako itatokea kwenye kisanduku cha zana cha Visual Studio, uiburute kwenye fomu kama kitufe chochote.

Na data inayotoka kwenye waya haiji kwa thredi, yaani mkondo wa kazi ndani ya programu, inayochora skrini. Tukio la DataReceived la SerialPort huja kwa thredi nyingine, na ukigusa kontroli kutoka huko programu itakugomea. Pitia BeginInvoke, inayoipeleka kazi kwenye thredi ya skrini. Hilo lilinila siku nzima.

Kisha rangi. Nilichagua nyekundu juu ya nyeusi, kwa sababu usiku chumbani ilipendeza mno. Saa sita mchana, bahari inameta mbele ya kibanda, skrini nyeusi ikawa kioo. Nahodha, mzee niliyemjua tangu utotoni, akasogea hadi dirishani akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kwa yua hili mato yangu hayaoni kitu." Niligeuza: tarakimu nyeusi juu ya rangi ya kijivu cheupe, kama saa ya Casio F-91W iliyotoka mwaka 1989 na bado iko mikononi mwa watu. Niliviondoa pia vijiti vilivyozimwa ambavyo nilikuwa nimevichora hafifu kwa urembo. Kwa mbali vilikuwa vikiifanya 0 isomeke 8.

Baada ya hapo niliamini nimemaliza.

Skrini ilikuwa na vihesabio viwili: cha boti iliyo gatini, na cha jumla ya siku. Vyote nilivipa tarakimu mbili. Mimi nilijaribu kwa watu arobaini, sikufikiria zaidi. Ikaja Maulidi, na wageni wakamiminika Mokowe tangu asubuhi. Jumla ikafika 99, na abiria aliyefuata akaifanya isome 00. Hesabu yenyewe ndani ya programu ilikuwa sahihi, 100, ila kontroli yangu ilichukua tarakimu mbili za mwisho na kuzitupa zilizobaki. Tajiri alikuwa amesimama pale pale. Alijua kuna kitufe cha kurudisha sufuri, ambacho karani alikibonyeza kila boti ilipoondoka. Akaamua kwamba karani anafuta abiria ili ale nauli zao.

Karani ni binti wa khaloo yangu. Mimi ndiye niliyempeleka kazini. Aliapa, akalia, akarudishwa nyumbani mbele ya foleni ya watu. Wiki mbili nilikagua sensa, nikabadilisha waya, nikamuuliza yeye maswali ambayo sikupaswa kumuuliza. Mpaka usiku mmoja nikaandika 100 kwa mkono kwenye sifa ya Thamani, nikaiona 00.

Nilikwenda kwa tajiri asubuhi yake na kompyuta mkononi nikamwonyesha. Karani alirudishwa, lakini hakuombwa radhi. Mimi sikuitwa tena, na kazi iliyofuata alipewa mwingine. Hilo la mwisho bado linaniuma, sitalificha. Lakini linaloniuma zaidi ni yale maswali niliyomuuliza binti wa khaloo.

Kwa hiyo nakuomba, wewe na kila anayeunda kitu cha kuhesabu jasho la watu: skrini isiseme uongo hata kwa sekunde moja. Mtu ataidhania nambari yako kuwa shahidi. Tarakimu zikiwa hazitoshi, onyesha vistari kila nafasi, yaani g peke yake, 64. Wanaotumia Qt, zana nyingine za kuundia programu, wana kihesabio cha QLCDNumber kilicho tayari, na thamani ikizidi nafasi zake hutoa ishara ya overflow, isikilizeni, msiipuuze.

Kwa mizani yako utahitaji nukta. Vijiti vimetumia biti saba, ya nane iko huru, nayo ni 128. Kilo 12.5 itachorwa 6, kisha 219, ambayo ni 91 na 128, kisha 109. Nukta ichore kwa FillEllipse chini kulia mwa tarakimu, usiipe nafasi nzima. Na kabla hujaipeleka kwa wavuvi, andika mwenyewe 99.9, 100, 1000, na hasi 1, maana mizani isiyosawazishwa hushuka chini ya sufuri. Nitumie picha ya skrini ya kila moja.