Ukinipendekezea rekodi, nitajie na mpigaji

Sisi wapenzi wa muziki wa klasiki tuna mazoea ya kuulizana, "Siku hizi unasikiliza nini?" Jibu huwa jina la mtunzi: Bach, Beethoven, basi. Mwenzako akienda kutafuta anakutana na rekodi chungu nzima za kazi ile ile, hajui ashike ipi aache ipi. Ushauri wangu ni huu: taja mpigaji, taja mwaka wa rekodi, na umwonyeshe mahali hasa palipokugusa.

Nianze na yangu. Siku hizi siachani na Goldberg Variations za Bach zilizopigwa na Glenn Gould kwa piano. Kazi yenyewe ilichapwa mwaka 1741: wimbo mmoja mtulivu uitwao Aria, kisha mageuzi 30 (ndizo variations, vipande vinavyojengwa juu ya msingi ule ule kwa sura tofauti), halafu Aria inarudi kama ilivyokuwa. Gould aliirekodi studioni kwa ajili ya sahani mara mbili, zote New York, mwaka 1955 akiwa kijana wa miaka 22, na tena 1981, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Rekodi ya kwanza ni ya dakika 38 hivi, ya pili 51. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na marudio, kwa kuwa mara ya pili alirudia baadhi ya vipande ambavyo zamani alivipiga mara moja tu. Lakini chukua Aria ya mwanzo, ambayo hairudiwi katika rekodi yoyote kati ya hizo mbili: ya 1955 haifiki dakika mbili, ya 1981 inapita tatu.

Sikiliza noti mbili za kwanza za mkono wa kulia. Ni sauti ile ile imegongwa mara mbili. Mwaka 1955 zinapita bila kukushtua. Mwaka 1981 anaiachia ya kwanza ining'inie mpaka unaanza kuingoja ya pili, na hapo tu unajua kwamba rekodi nzima inayofuata itakuwa na hesabu nyingine ya muda. Mimi nampenda Gould wa 1981, ingawa najua wapo wasiotaka kusikia lolote zaidi ya ule moto wa ujana. Kote kuwili utamsikia akiimba kwa chini huku anapiga. Wengine wanakerwa na sauti hiyo. Naomba uivumilie, maana ni mtu anayefikiri.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, usijilazimishe kumaliza yote kwa mkao mmoja. Sikiliza Aria, ruka hadi geuzi la 25, lile la huzuni, kisha Aria ya mwisho. Na usihangaike kuutafuta wimbo wa juu ndani ya mageuzi, hutaupata: alichokishikilia Bach tangu mwanzo hadi mwisho ni mwendo wa besi, yaani sauti za chini. Tegea sikio mkono wa kushoto.

Simfoni ya Tano ya Beethoven sina haja ya kuieleza sana. Tafuta rekodi ya Carlos Kleiber akiongoza okestra ya Vienna Philharmonic, ya 1974. Zile noti nne za mwanzo unazijua. Subiri zirudi katikati ya sehemu ya kwanza, kisha uone okestra nzima inavyonyamaza ghafla na obo moja (ala ya kupuliza) kubaki ikiimba peke yake kwa sekunde chache. Usiongeze sauti hapo, la sivyo okestra ikirudi itakuumiza masikio.

Mwisho ni Pablo Casals na suti (suites, yaani mafungu ya vipande vya mtindo wa dansi) sita za Bach za selo, ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, alizorekodi kati ya 1936 na 1939. Rekodi zina mkwaruzo wa sahani za zamani, na wengi wanazikimbia kwa sababu hiyo. Zipe muda kidogo, sikio litazoea na mkwaruzo utausahau. Anza na utangulizi wa suti ya kwanza, ulio mwepesi kuupenda. Kisha nenda kwenye sarabande, dansi ya mwendo wa polepole, ya suti ya tano, ambayo toka mwanzo hadi mwisho haina mahali noti mbili zinapopigwa kwa pamoja. Fuata upinde wake unavyopumua kati ya noti, halafu tafuta mpigaji selo wa leo akiipiga sarabande hiyo hiyo, uniambie nani kakaa zaidi kwenye noti za chini.