Mantra ndani ya daladala

Ukimwambia mtu wa Dar unafuata tantra, ama atacheka akidhani ni mambo ya chumbani, ama atasogea pembeni akidhani unaroga. Nimeshazoea. Ninayoisema mimi ni njia ya Kibuddha iitwayo Vajrayana, iliyozaliwa India na kushika mizizi Tibet kuanzia karne ya 8. Njia hii haikuambii uiue hasira, tamaa au wivu, inakufundisha kuvitumia.

Nilianza vibaya. Nilisoma kwamba Watibeti husujudu mara 100,000 kujiandaa kwa mafundisho mazito, nami nikaanza kuhesabu kwenye chumba changu cha kupanga Sinza. Siku ya nne mama mwenye nyumba akagonga: "Baba, unahamisha kabati?" Goti likavimba, nikaacha.

Jambo jingine ni ruhusa. Watu wa tarika watanielewa: uradi mzito huuchukui bila ijaza ya sheikh. Kwenye tantra ni hivyo hivyo, na desturi ya Kitibeti inasema mwalimu na mwanafunzi wachunguzane hata miaka 12. Kwa hiyo anayetaka umtumie hela kwa simu leo, usiku akufungulie siri, mkimbie. Hekalu la Wasinhala, watu wa Sri Lanka, pale Upanga ni la Theravada, tawi jingine la Ubuddha, tantra hutaikuta, ila mimi kukaa kimya nilijifunzia pale.

Kilicho wazi kwa kila mtu ni Om mani padme hum, mantra (maneno matakatifu ya kurudiarudia) ya Chenrezig, bodhisatva wa huruma, yaani aliyeapa kuwakomboa viumbe wote. Shanga zangu ni 108; jirani kwenye siti hudhani ni tasbihi, wala simsahihishi. Alfajiri, kabla sijashika simu, nakaa dakika 15. Namuwaza Chenrezig juu ya utosi wangu, mweupe, mikono minne, nuru ikinishukia huku nikitaja mantra. Mwisho naye anayeyuka kuwa nuru, anazama ndani yangu, na hapabaki cha kushika. Hapo pa kuyeyuka ndipo wengi tunaparuka, maana picha ni tamu. Usiparuke, bila hapo unaota mchana tu. Kisha thawabu nawatunukia viumbe wote, kama tunavyowasomea marehemu hitma.

Halafu unatoka, unakutana na konda.

Juzi mmoja alinizungusha na chenji yangu ya mia tano mpaka tukakaribia Mwenge. Hasira ikapanda kutoka tumboni. Mafundisho yanasema hasira ikivuliwa "mimi, mimi", kinachobaki ni uoni mkali, hekima iliyo kama kioo. Basi sikuimeza wala sikuitapika. Niliitazama, nikihesabu shanga mfukoni. Nikamwona kijana aliyekauka sauti kwa kupiga debe tangu saa kumi na moja. Nikadai changu kwa sauti ya kawaida.

Akanipa mia nne. Ile mia moja bado naifanyia mazoezi.