Kupiga picha za ndoa kanisani na msikitini: kwa wanaoanza kazi hii Unguja

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huanza kwa kuniuliza wanunue kamera gani. Jibu langu ni lilelile kila mara: kabla ya kununua chochote, nenda kahudhurie ndoa bila kamera. Kaa nyuma, utulie, ufuatilie ibada tangu watu wanapoingia mpaka wanapotawanyika. Kama wewe ni Mwislamu, omba nafasi kwenye benchi la mwisho kanisani. Kama ni Mkristo, omba mwenzako akueleze nikaha inavyokwenda hatua kwa hatua. Mpiga picha anayejua kinachofuata hakimbii huku na huku, na asiyekimbia ndiye anayeitwa tena.

Mahali pa ibada si ukumbi. Ukumbini mshereheshaji anaweza kukungoja, maharusi wanaweza kukata keki mara ya pili kwa ajili yako. Kiapo hakirudiwi. Nimewahi kuwaona wenzetu wakimwomba padri amrudishe bwana harusi avishe pete upya kwa sababu lenzi haikushika, na naomba wewe usilifanye hilo hata siku moja. Umekosa, umekosa. Tafuta picha inayofuata.

Nichukue mfano wa Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe, kwa sababu pale ndipo utakapojua kama una heshima ya mahali au huna. Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule aliyetafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Kwenye sakafu mbele ya altare kuna duara la marumaru. Inasimuliwa kuwa hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko. Maharusi wanaapa hatua chache kutoka hapo. Basi usitue begi lako kwenye lile duara, wala usisimamishe stendi ya kamera juu yake. Hakuna atakayekukemea pengine, lakini wazee wa kanisa wanaona.

Nje, uani, kuna shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Maharusi wengine, hasa wanaotoka nje ya kisiwa, watakwambia wanataka picha hapo kwa kuwa wameiona kwenye simu. Waeleze kwa upole kuwa pale si pa kutabasamu na shada la maua. Ikiwa ni familia inayotaka kusimama kimya na kuwakumbuka waliopita, wapige kwa mbali, bila kuwapanga na bila kuwaambia waangalie kamera. Picha za furaha zina mahali pengi palepale: mlangoni, kwenye kuta za mawe ya matumbawe mwanga wa jioni unapozigusa, au kwenye zile nguzo za ndani zilizosimikwa kichwa chini miguu juu, ambazo waongoza watalii hawachoki kuzisimulia. Na watalii wenyewe uwatarajie. Zungumza mapema na walinzi wa lango ili wageni wasimzingire bibi harusi na simu zao anaposhuka kwenye gari.

Ruhusa ni sehemu ya kazi, tena ndiyo inayokula muda kuliko zote. Usiende kuiomba asubuhi ya harusi. Nenda katikati ya wiki, umwone padri, kisha umwone mtunza sakristia (chumba cha vyombo na mavazi ya ibada) na mzee wa kanisa atakayekuwa zamu. Padri anaweza kukukubalia kila kitu, halafu siku yenyewe mzee wa kanisa akakushika mkono katikati ya ibada kwa sababu yeye hakuambiwa. Uliza mpaka wako uko wapi, kama flashi inaruhusiwa, na ni sehemu zipi za ibada ambazo hawataki kuona kamera imeinuliwa. Ndoa ikiwa ndani ya misa, jibu la swali hilo la mwisho ulijue hata kabla ya kuambiwa: wakati wa mageuzo, yaani padri anapobariki mkate na divai, kengele ikilia, kamera ishuke kifuani na wewe usimame pale ulipo. Hilo halitegemei dini yako. Mkubaliane pia na mtu wa video, kwani wapiga picha wanaozibana mbele ya altare ni aibu kwa maharusi na kwetu sote.

Kwenye viapo, mimi napenda kusimama pembeni, nyuma kidogo ya msimamizi wa bibi harusi. Hapo unaupata uso wa bwana harusi anapotamka, na ukihamisha lenzi kidogo unaiona mikono. Hatua mbili tu kushoto na umemziba padri kwa waumini wote, kwa hiyo ukishachagua mahali, baki hapo.

Sasa mwanga. Makanisa yetu ya zamani yana madirisha ya juu na kuta nene, na mwanga wa asili haufiki vizuri chini. Lenzi inayofungua hadi f/1.8, yaani yenye tundu pana la kuingizia mwanga, itakusaidia kuliko flashi yoyote. Wengi wenu mna kamera zenye shata ya kimya, na mnaifurahia kwa sababu haisumbui ibada. Ni kweli, lakini sikilizeni hili: umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za tyubu na za LED za bei nafuu hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Ukipiga kwa 1/250 ya sekunde kwa shata ya kimya, picha itatoka na mistari ya kiza imekata uso wa bibi harusi, na hakuna programu itakayoisafisha vizuri. Shusha mpaka 1/100, au 1/50 maharusi wakiwa wametulia, upandishe ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) bila woga. Chenga kidogo zinavumilika, mistari haivumiliki. Jaribu siku ile uliyokwenda kuomba ruhusa, taa zote zikiwa zimewashwa.

Jambo jingine ni gauni. Kamera ikiona nguo nyeupe imejaa kwenye fremu hudhani mahali pana mwanga mno, hupunguza, na nyuso zetu hugeuka kuwa kivuli. Pima mwanga usoni, si kwenye gauni. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana, ili darizi za gauni uzirudishe baadaye. Kanzu nyeupe nayo hivyohivyo.

Kwa Wakatoliki wa Minara Miwili, yaani Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale Shangani nina neno moja tu: minara yenyewe inaonekana kutoka baharini, lakini ukiwa chini vichochoro vimebana na haikai yote kwenye fremu. Tafuta nyumba ya jirani yenye dari ya wazi, uombe ruhusa siku kabla, uwe umemaliza ndani ya dakika chache.

Nikaha ina adabu zake. Kwa kawaida hapa Unguja ndoa hufungwa msikitini baada ya sala, wanaume wakiwapo, na bibi harusi yuko nyumbani. Anayemwoza ni walii wake, mashahidi wapo, mahari yanatajwa. Bwana harusi amevaa kanzu, joho na kilemba, wengine na jambia kiunoni. Kama hukuzoea msikiti, vua viatu mlangoni, soksi ziwe safi, usipite mbele ya anayesali hata kama picha iko upande wa pili. Kama si Mwislamu, usiingie kwa neno la bwana harusi peke yake. Mwenye kauli ni imamu. Wengi wetu huwa na mwenzetu Mwislamu wa kumwachia sehemu hiyo, na hakuna ubaya wowote.

Wote wamekaa chini, basi nawe kaa chini. Kumsimamia sheikh kichwani ni utovu wa adabu, na hata picha haipendezi, utapata kofia tu. Jisogeze wakati wa hotuba ya ndoa, taratibu, mpaka uwe mkabala na bwana harusi kwa usawa wa macho yake. Hotuba inaweza kuwa ndefu ukajisahau. Usijisahau, kwani kinachofuata ni kupeana mikono: walii na bwana harusi wameshikana, anaambiwa ameozwa, anajibu amekubali. Ni pumzi moja au mbili. Angalia vidole, mara nyingi walii huminya mkono wa kijana pale anapotaka kujibu. Hiyo ndiyo picha ya nikaha. Haluwa na kahawa vitakuja baadaye, na hapo utapiga nyuso zilizolegea kwa raha upendavyo.

Kisha bwana harusi hupelekwa kwa mkewe, humwekea mkono kwenye paji la uso na kuomba dua. Kama wewe ni mwanamume, kazi yako inaishia mlangoni mpaka wenye nyumba waseme vinginevyo. Na shughuli za wanawake si zako kabisa. Hapo ni wanawake wamejipamba, wamevua mabuibui, wanacheza kwa nafasi kwa sababu wameambiwa hakuna jicho la mwanamume. Mpeleke mpiga picha wa kike, tena aliyefundishwa vizuri, asiwe mtu wa kuokotezwa siku hiyo. Dada zangu mnaoanza, nafasi yenu hapa ni kubwa na kazi haikosekani.

Lakini amana haiishii kwa aliyeshika kamera. Nani anahariri? Nani anasafisha picha, nani anachapa albamu? Familia imelipia mpiga picha wa kike, halafu faili zinafunguliwa dukani kwenye kompyuta inayotazama barabarani, kijana wa kiume anarekebisha rangi. Huo ni uvunjaji wa ahadi hata kama hakuna aliyeujua. Kadi za kamera za upande wa wanawake ziwe peke yake, zitiwe alama, zihaririwe na mwanamke, na zikabidhiwe kwa mtu mmoja aliyetajwa na familia. Hakuna picha ya mfano kwenye kurasa zako, hata ya mikono yenye hina, mpaka waseme ndiyo. Yaandike haya kwenye makubaliano pamoja na siku ambayo utafuta nakala zako. Na kama huna mwanamke wa kuhariri, sema siku ya kwanza wanapokuja kuulizia bei, wapate muda wa kumtafuta mwingine.