Kabla hujang'oa mihogo upande amla

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu amla, yale matunda ya Kihindi ya kijani mnayoyajua kwenye mafuta ya nywele, basi meseji zikaanza kumiminika na mpaka leo hazijakoma. Nimechagua chache na kuzifupisha, maana wengine wameandika risala.

Shikamoo bwana shamba. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna jamaa anasema eka moja inaingia miti 400 ya amla, kila mti kilo 100, kilo moja shilingi 5,000, so ni milioni 200 kwa mwaka. Mche anauza 15,000. Nina eka mbili za mihogo, niing'oe? – Msomaji, Mkuranga

Marahaba. Usiguse hata shina moja kwanza, tupige hesabu pamoja.

Eka ni mita za mraba elfu nne na kidogo. Ukigawa kwa miti 400 kila mti unabaki na mita 10 za mraba, yaani toka mti hadi mti ni mita tatu na kitu, hiyo mzee ni fensi sio shamba. India kwenyewe nafasi ya kawaida ni mita 8 kwa 8 au 10 kwa 10, maana yake eka inabeba miti kama 63 au 40. Wapo wanaobana mpaka 6 kwa 6, hapo unapata miti 110 hivi, ila ujiandae na mkasi wa kupogolea miaka yote. Kwa hiyo huyo jamaa kwenye miche peke yake anataka umpe milioni 6 kwa eka, biashara yake yeye nimeielewa vizuri sana.

Kilo 100 kwa mti sio uongo, mti uliokomaa na kutunzwa unafika hapo na kupita. Lakini uliokomaa! Mche wa kubebesha (uliobandikwa jicho la mti mzuri) unaanza kuonyesha matunda mwaka wa nne au wa tano na hapo ni ya kuonja tu, ukitaka mzigo wa maana hesabu miaka kumi hivi. Jamaa ameweka mavuno ya mti mzee kwenye mwaka wako wa kwanza.

Sasa twende kwenye hiyo 5,000, maana hapo ndo penye shida. Nani anakulipa? Amla haliliwi kama embe. Ukiling'ata mdomo wote unakaza, ukali na uchungu vinakuja kwa pamoja, halafu ukinywa maji juu yake maji yanageuka matamu, watoto wanapenda mchezo huo lakini hakuna mtu ananunua ndoo ya amla akakae barazani ale na familia. Ni tunda la kiwandani, au la jikoni kwa mtu anayejua afanye nalo nini.

Angalia wenyewe wanavyoishi nalo. Kule Uttar Pradesh kuna wilaya inaitwa Pratapgarh, jirani na Prayagraj ambayo zamani mliijua kwa jina la Allahabad, ukitaja amla India watu wanaitaja hiyo. Mwaka 2018 serikali ya jimbo ilipoanzisha mpango wa kila wilaya kuwa na bidhaa yake moja, Pratapgarh ilipewa amla. Ila msimu ukifika, kuanzia Novemba hivi mpaka Februari, kila mtu anavuna wakati mmoja na tunda bichi halisubiri, likidondoka chini linapata jeraha, doa linakuwa la kahawia na kuoza kunaanza hapo hapo. Mwenye gunia mkononi siku hiyo hapangi bei, anapangiwa. Anayepata nafuu ni yule mwenye sufuria, anayetengeneza murabba (amla nzima iliyopikwa kwenye shira ya sukari), achari, pipi za amla, juisi, unga, au mwenye mkataba na watengenezaji wa chyawanprash, ile dawa nzito kama jamu ambayo amla ndo msingi wake.

So wewe wa Mkuranga fanya hivi: mihogo iache. Chimba mashimo machache pembeni ya shamba, miti sita au nane inatosha, na mihogo isisogelee mashina. Miaka hiyo ya kusubiri nenda Kariakoo na mjini kwa wenye maduka ya viungo na dawa za asili, uliza unga wa amla wanautoa wapi, wananunua kiasi gani kwa mwezi na kwa bei gani. Akitokea mmoja wa kukuambia "niletee kilo mia kila mwezi" hapo ndo uongeze miti. Ukikuta wote wanaletewa unga toka India kwa bei ambayo wewe huiwezi, utakuwa umepoteza mashimo manane tu.

Sasa bwana shamba, mimi sijanunua miche. Nilipewa matunda na jirani hapa Mombasa, nikatoa mbegu na zimeota kama thelathini hivi. Zitazaa lini? Na kweli zitakuwa tamu kama za mti mama? – Msomaji, Likoni

Tamu hapana, hata mama yake sio tamu hahaha. Ila nimekuelewa.

Kwanza hongera, kuotesha amla sio kazi ndogo, mbegu ziko ndani ya kokwa ngumu na watu wengi wanazika kokwa zima wanasubiri mpaka wanachoka. Inatakiwa ulianike juani lipasuke lenyewe, ndani kuna vimbegu sita hivi vidogo vya kahawia, na uvipande mapema kwa sababu vikikaa sana havioti tena.

Ubaya wa mti wa mbegu ni kwamba unaweza kukukalisha miaka minane mpaka kumi kabla haujazaa, na ukizaa hujui utapata nini, pengine matunda madogo kama gololi yenye nyuzi nyingi. Hiyo thelathini yako ichukulie kama mashina ya kubebeshea. Ikifika unene wa penseli, mwaka mmoja hivi, unatoa kipande cha ganda chenye umbo la mstatili kwenye mche, halafu kwenye tawi la mti mzuri unatoa kipande cha saizi ileile chenye jicho, unakibandika pale, unafunga na utepe wa nailoni jicho likiwa nje. Fanya wakati wa mvua, miti ikiwa na maji ganda linabanduka lenyewe bila kung'ang'ania, kiangazi utachana chana kila kitu. Jicho likishachipua unakata sehemu ya juu ya mche.

Alafu kitu kingine ambacho wauza miche hawasemi: usipande aina moja tupu. Mti wa amla una maua dume na jike kwenye mti huohuo, watu wanadhani yatosha, kumbe aina nyingi hazijipi ujauzito zenyewe vizuri, zinataka chavua ya aina nyingine jirani. Ndo maana unakuta mti mmoja mzee nyuma ya nyumba una maua kibao na matunda ya kuhesabu kwa vidole. Changanya aina mbili au tatu, na ukiwa na mizinga ya nyuki karibu bora zaidi.

India aina za zamani ni Banarasi, Francis na Chakaiya. Banarasi lina tunda kubwa la kupendeza lakini linazaa kwa unyimi. Chakaiya linazaa sana, tunda dogo dogo lenye nyuzi. Baadaye chuo kikuu cha kilimo kule Faizabad kikachagua miche bora na kutoa aina zinazoanza na NA, kifupi cha Narendra Aonla, na aonla ndo hiyo hiyo amla. Mimi ningechagua NA-7, inawahi kuzaa na inabeba mzigo, kasoro yake matawi yanavunjika kwa uzito, so mwaka wa matunda mengi lazima uyawekee nguzo. NA-6 haina nyuzi nyingi, hiyo inafaa kwa pipi na murabba. Ukipata hizo mbili pamoja tulia.

Shamba langu lipo tambarare za Same, kiangazi udongo unatoa weupe kama chumvi, mahindi yananikataa. Je amla itakubali? – Msomaji, Same

Wewe ndo ulitakiwa uwe wa kwanza kuandika.

Sababu mojawapo ya amla kushika kule Uttar Pradesh ni ardhi ya aina hiyo hiyo, wao wanaiita usar, ardhi ya magadi ambayo ngano na mpunga vinasuasua. Amla inavumilia mpaka pH (kipimo cha uchachu na magadi ya udongo) ya 9 na nusu, hapo mazao mengi yameshakufa zamani. Joto la zaidi ya digrii 40 mti mkubwa hauna habari nalo.

Lakini usichimbe kishimo cha mche wa mpapai. Chimba mita moja kwa mita moja, kina nacho mita moja, ule udongo changanya na samadi iliyooza vizuri na jasi, kwenye magadi jasi ni muhimu, acha mvua za kwanza zipite ndo upande. Na uangalie maji ya chini. Kama ukichimba mita moja unakuta maji au mvua zikinyesha panatuama wiki nzima, amla itakufa, magadi inayaweza ila kuloweka miguu haiwezi. Miaka miwili mitatu ya mwanzo mwagilia kiangazi kila baada ya siku kumi au kumi na tano, mti ukishakua unajitegemea. Ukiona maua acha kumwagilia kwa muda, ukimwaga maji mengi wakati huo maua yanapukutika.

Katikati ya mistari panda choroko au kunde, majani ya amla ni mepesi hayatii giza.

Bwana shamba nimeumia. Miti yangu minne ya amla ina miaka mitano, mwezi wa pili imepukutika yote imebaki vijiti. Imekufa? Nataka kuikata. – Msomaji, Kilosa

Weka panga chini.

Chukua kimoja kati ya hivyo vilivyodondoka ukiangalie. Utaona kama jani la mkwaju, uti katikati na vijani vidogo vidogo pembeni, lakini lile sio jani moja, ni kitawi kizima chenye majani yake, na amla huwa inavimwaga vyote vikishamaliza kazi. Kule India kaskazini inamwaga karibu na mwisho wa baridi, halafu vinachipua vitawi vipya, na maua madogo ya kijani na manjano yanatoka chini ya vitawi hivyohivyo vipya. Kwa hiyo mti usiomwaga ndo wa kutilia shaka. Kwaruza gome kwa kucha, ukiona kijani chini yake mti mzima.

Na nikuonye kabisa ili usirudi na panga tena: maua yakishapita hutaona tunda. Kule kwao maua ni Machi na Aprili, halafu kitunda kinakaa kimelala kiangazi chote hakiongezeki hata kidogo, kinakuja kushtuka mvua zikianza, Julai au Agosti. Kwenu mvua zina kalenda yake na miezi haitafanana, ila mwendo ni huohuo, kulala kiangazi na kuamka na mvua.

Ukiwa hapo hapo kagua shina. Ukikuta utando kama wa buibui uliochanganyika na unga wa mbao, kuna kiwavi anakula gome na ana tundu lake karibu. Safisha utando, ingiza waya kwenye tundu, kisha pamba yenye mafuta ya taa na uzibe na udongo. Ncha za matawi zikivimba kama nundu, kuna mdudu ndani, kata uchome moto.

Asalaam alaykum. Mimi ni mama wa nyumbani, nasuka na kutengeneza mafuta ya nywele. Nataka kupanda amla ili nipate mafuta yangu, naambiwa yanalipa. – Msomaji, Unguja

Waalaykum salaam dada yangu. Tunda la amla halikamuliwi mafuta kama nazi. Yale yanayoitwa mafuta ya amla ni mafuta mengine ambamo amla imelowekwa au kuchemshwa, ya ufuta au ya nazi, na baadhi ya chupa za dukani ukisoma lebo utakuta mafuta ya madini ndo mengi. Na wewe una nazi mlangoni! Kwa hiyo hauhitaji shamba, unahitaji unga wa amla wa kuanzia, ukiwa mkavu kabisa kwa sababu maji kidogo tu mafuta yanachacha.

Ila kama utapata matunda ya kutosha, ningekushawishi murabba. Matunda unayatoboa toboa kwa uma, unayaloweka kwenye maji ya chumvi usiku mzima, kisha maji ya shabu kidogo yapungue ukali na yakaze, unayaosha sana, unayachemsha mpaka mistari ya tunda inaanza kuachia, unapanga tabaka la amla tabaka la sukari. Kesho yake sukari imetoa maji, unachemsha hayo maji peke yake yazidi kuwa mazito, unarudishia matunda, unarudia hivyo siku kadhaa mpaka shira iwe nzito kama asali. Tia iliki, mtu wa Unguja sina haja ya kukufundisha hapo. Vitamini C tunda bichi linayo nyingi, vipimo vingi vinasema miligramu 400 mpaka 700 kwa gramu 100 wakati chungwa lina kama 50, lakini ukichemsha sehemu inapotea, so usiandike kwenye lebo kwamba inatibu sukari au presha. Kabla hujaingiza madukani pitia ZBS, wale wa viwango Zanzibar, wakukague.

Shemeji yupo Muscat, mwezi ujao anakwenda Gujarat kisha anakuja Tanga. Anibebee vikonyo (vijiti vya kubebeshea) vya NA-7 kwenye begi? – Msomaji, Pangani

Hapana. Vikonyo vinaweza kuja na kutu ya majani au yule mdudu wa nundu, na ukikamatwa vinachomwa mbele yako. Omba kibali cha kuingiza mimea TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea Tanzania, kabla ya safari (mlioko Kenya wenzao ni KEPHIS), halafu kule India apate cheti cha afya ya mimea, na vikonyo vifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu na karatasi ya nailoni, vibebeshwe mapema iwezekanavyo vikifika. Kama kibali hakijatoka mpaka siku ya safari, mwambie akuletee pipi za amla uonje kwanza.