Nilikuwa nikijichapa mwenyewe

Swali lenu la wiki hii, "ulipochoka kabisa ulipumzikia wapi?", nimelisoma nikiwa kwenye cherehani nikaacha kushona, mana jibu lake nnalo na sijawahi kumwambia mtu lote.

Mama yangu aliugua kiharusi miaka mitatu, upande mmoja wote ukalala. Nikamuuguza mwenyewe hapa Mbweni, Unguja, kumuosha, kumgeuza asipate vidonda, kumlisha, usiku nashona sare za skuli za watoto wa watu tupate cha kula. Alhamisi moja, wiki mbili kabla ya Pasaka, nikamwachia mwanangu nikaenda mazoezi ya kwaya. Masaa mawili tu. Narudi nakuta majirani wamejaa mlangoni, nikajua.

Jamani, yale masaa mawili nimeyabeba miaka miwili. Watu wananambia kazi ya Mungu haina makosa, mie nnachosikia ni kuwa mamaako anakata roho wewe unaimba. Kwaya nikaacha. Nikaanza kujiadhibu, nafunga hata isiyokuwa Kwaresima, kila mkesha nimo, kufagia kanisa ni mie, sadaka nazidisha na nyumbani hamna unga, na usiku silali nakaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Mtu akiniona anasema huyu kashika dini kweli, kumbe nalipa deni. Na Mungu unayemlipa deni humpendi, unamkwepa kama unavyomkwepa mwenye duka uliyemkopa.

Sasa siku moja nilikwenda mjini kufata uzi na zipu, miguu ikanivimba, nikaingia pale Kanisa Kuu la Kristo Mkunazini nikae kidogo. Lile kanisa limejengwa palipokuwa na soko la watumwa, soko lilifungwa 1873 na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Kulikuwa na wageni, na mtembezaji wao anawaonesha alama ya duara pale penye madhabahu, anawaambia hapa ndipo ulipokuwa mti, watumwa wakifungwa wakichapwa. Maneno hayo nimeyasikia tangu mdogo lakini siku ile yaliniingia vyengine. Mana pale pale palipokuwa na mti wa kuchapia ndipo padri anapomega mkate anasema huu ni mwili wangu uliotolewa kwa ajili yenu, yaani kashachapwa Yeye, Isaya anasema "kwa kupigwa kwake sisi tumepona", na mie na utu uzima wangu nimekaa mahali ambapo viboko vimekwisha tangu enzi ya Sultani Sayyid Barghash, naendelea kujichapa mwenyewe kila usiku. Nililia mpaka wale wageni wakatoka polepole.

Nikamtafuta padri wetu nikamwambia yote. Nilidhani atanipa sala za kusoma. Akaniuliza, mara ya mwisho umelala lini? Nikakosa la kujibu. Akafungua Wafalme wa Kwanza sura ya 19, Eliya kakimbia, kakaa chini ya mti wa mretemu jangwani anaomba afe, na Mungu hakumgombeza wala hakumkumbusha kazi yake. Kamwacha alale. Malaika akaja akamgusa, inuka ule, kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala akanywa akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili. Mara ya pili! Kule mlima Horebu kuulizwa "unafanya nini hapa Eliya" kulikuja baadae, mtu keshalala keshashiba. Miaka yote hiyo kanisani sikuwahi kuliona hilo. Padri akanambia nenda kalale, na wiki hii nakukataza kufunga.

Nikalala mchana kweupe. Jirani yangu, mtu wa swala tano, kaona mlango umefungwa kaja kugonga, nikamwambia nimeambiwa nipumzike. Hakuuliza na nani. Akarudi na mkate wa kumimina na chupa ya chai. Habari za Eliya sikumwambia ila ule mkate niliula huku machozi yananitoka.

Msifikiri nilipona siku ile. Soko lilifungwa 1873 lakini utumwa wenyewe haukuondoshwa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897, miaka 24 yote hiyo watu bado wako kwenye mikarafuu ya wenyewe na soko lishafungwa zamani. Na mie ndani yangu ndo hivyo, nimesamehewa lakini kuna mashamba khabari haijafika. Usiku mwengine bado naamka. Dawa za presha nakunywa, daktari naenda, na sioni kama ni kukosa imani. Ila nikiamka sasa sianzi kujihesabia makosa, nasema tu lile neno la Yesu, njoni kwangu ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha. Hakusema tueni kwanza ndo mje. Kasema njoni nayo.

Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya kanipigia simu, sauti ya pili wamepungukiwa. Alhamisi ya kwanza nilikaa kwenye benchi tu, sauti haikutoka. Alhamisi iliyopita niliimba, masaa mawili yote, nikarudi nyumbani kwa miguu nikalala.