Tofu Inamomonyoka, Mboga Zinageuka Supu

*Shikamoo Shangazi. Nilisoma Yogyakarta, Indonesia, miaka miwili, na karibu kila Ijumaa jioni nilikula cap cay goreng, yaani mboga mchanganyiko za kukaanga, yenye tofu (jibini ya soya) kwenye hema moja la barabarani. Mboga zilikuwa zinang'aa, karoti bado inalia mdomoni. Sasa nimejaribu nyumbani mara nne, tuko watu sita. Tofu inavunjikavunjika, mboga zinatoa maji mpaka zinaelea, na chakula chote kinakuwa cheusi. Mume wangu amekiita "supu ya udongo". Nakosea wapi?*

Marahaba mwanangu, pole kwa hiyo supu.

Weusi kwanza, maana huo ni mwepesi: bila shaka umemimina kecap manis, ile sosi ya soya nzito yenye sukari guru. Iweke kwa ajili ya nasi goreng, wali wa kukaanga. Cap cay inataka kecap asin, ile nyembamba ya chumvi, kijiko kimoja cha chai, pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya chaza. Pilipili manga nyeupe usiionee haya. Wapishi wengi wa Kichina huongeza angciu, divai ya mchele. Jikoni kwa Waislamu haitiwi, na mimi sijawahi kuona pengo lake.

Kosa kubwa liko kwenye hao watu sita. Yule mpishi wako wa hemani alikuwa akipika sahani moja moja, tena juu ya moto unaonguruma. Wewe unarundika mboga za watu sita kwenye karai moja juu ya jiko la nyumbani. Karai linapoa, mboga badala ya kukaangika zinachemka kwa maji yake zenyewe. Pika za watu wawili, mimina kwenye bakuli, anza tena. Ni mikupuo mitatu, na kila mmoja hauzidi dakika tano.

Niliwahi kupanga chumba Semarang, mji wa huko huko Indonesia, kwa familia ya Wachina waliozaliwa Java vizazi na vizazi. Mama mwenye nyumba aliosha mboga asubuhi na kuzitandaza juu ya kitambaa zikauke hadi jioni. Siku moja nikaziosha upya kwa kujipendekeza. Alinipokonya chujio bila neno. Karai lake alilipima kwa tone la maji: likitulia na kutoa mvuke, bado, likikimbia huku na huku kama shanga, ndipo anatia mafuta, na vitunguu saumu vinne alivyoviponda kwa ubapa wa kisu. Karoti na koliflawa ndizo za kwanza, kabichi na mashina ya sawi, mboga ya majani jamii ya haradali, yakafuata, majani akayaacha hadi mwisho kabisa.

Tofu, au tahu kama wanavyoiita kwa neno lililotoka kwa Wachina wa Hokkien, chagua ile ngumu. Tahu sutra, laini kama hariri, haiwezi vurugu za mwiko. Kata vipande vya ukubwa wa kiberiti, vimwagie maji yanayochemka yenye chumvi, ngoja dakika 15, kisha vikaushe kwa taulo. Najua inashangaza kukausha kitu kwa kukilowesha, lakini maji hayo ya moto huvuta unyevu wa ndani na ladha inaingia. Kaanga peke yake, na usiiguse mpaka iachie karai yenyewe. Ukiona imeng'ang'ana, bado haijaiva upande huo. Itoe, uirudishe mboga zikishaiva.

Mng'ao unatokana na wanga wa mahindi: kijiko kimoja cha chai kwenye vijiko vitatu vya maji baridi, mimina pembeni, geuza kwa nusu dakika, zima. Ukitaka yenye mchuzi, yaani cap cay kuah, ongeza supu ya kuku kabla ya wanga. Angalau hiyo itakuwa supu ya makusudi.

Na usihangaike kutafuta mboga kumi eti kwa sababu ya jina. Hutamkwa "chap chai", "chai" ni mboga, na kwa Kihokkien "chap" ya kumi na "chap" ya mchanganyiko zinafanana sikioni, ndiyo maana watu huzihesabu. Mama wa Semarang alitia tano, siku nyingine nne.

Mumeo mpe kazi ya kuosha karai. Kama ni la chuma, asitie sabuni.