Mafuta ya difu ya shafti: someni kabla ya kushika spana

Vijana mlioingia gereji mwaka huu, haya yenu. Mikono mnayo, hilo halina ubishi; kabureta ya Vespa mnaifungua na kuifunga huku mnapiga soga. Tabu inaanza ikiingia pikipiki ya shafti, ile isiyo na mnyororo, inayozungusha tairi la nyuma kwa shafti na kisanduku cha gia kiitwacho difu: BMW GS ya mgeni aliyevuka nayo kutoka Dar au Yamaha FJR ya mkubwa fulani wa Mbweni. Mnaishika kivespavespa. Matokeo yake difu iliyotoka hapa kavu inarudi, na tairi la nyuma linang'aa mafuta.

1. Difu si giaboksi ya Vespa. Vespa PX inachukua mililita 250 za SAE 30, na klachi yake imo humo humo, inaoga mafuta hayo hayo. Skuta ya Honda Activa ni mililita 120 za oili ya injini, basi. Difu ya shafti haina klachi. Ina pinioni na krauni, yaani gia ndogo na gia kubwa, na meno yake yanabanana huku yanateleza, ndiyo maana yanataka mafuta ya haipoidi: 75W-90 au 80W-90 (huo ni uzito wake) ya daraja la GL-5, au GL-4 pale kitabu cha pikipiki kinaposema hivyo. Ukitia oili ya injini itatembea, siku mbili tatu utajiona mjanja, lakini utando wake hukatika mzigo ukipanda na chuma kinasaga chuma. Na mabaki ya GL-5 msiyamalizie kwenye Vespa. Klachi itateleza, kisha dawa za salfa zilizomo humo hazipatani na shaba. Kopo lisilo na namba wala daraja lirudi dukani lilikotoka.

2. Itembezeni kwanza, dakika kumi na tano zatosha. Jua la Unguja linapasha moto siti, halipashi mafuta ya ndani ya difu. Yakiwa baridi yanatoka yenyewe na kuacha uchafu chini.

3. Stendi ya kati, sakafu sawa. Kwa stendi ya ubavu pikipiki inalala kushoto na usawa wa mafuta unakudanganya: tundu likiwa upande ulioshuka utadhani imejaa, likiwa upande ulioinuka utajaza kupita kiasi. Pigeni brashi kuzunguka bolti kabla ya kuigusa, maana mchanga wa Paje unaingia popote. Kisha fungueni bolti ya kujazia mwanzo, ya kumwagia baadaye. Yakhe, ukianza na ya chini halafu ya juu ikagoma, umebaki na pikipiki isiyokwenda na mwenyewe kasimama mlangoni anaangalia saa. Diski na tairi zifunikeni kitambaa.

4. Kiasi. Hapa ndipo mnapoharibu, na hapa nitakaa.

R1200GS zile za kupozwa kwa hewa na oili zinachukua mililita 180 wakati wa kubadilisha. Hazijazi hata kikombe cha chai. Kijana anaishika chupa ya lita nzima, anaona kiasi hicho ni ubahili, anamimina mpaka yafurike kwenye tundu, anafuta, anafunga. Kaifanyia ihsani! Kwa FJR angekuwa sahihi: kipimo chake ni mdomo wa chini wa tundu la kujazia, kama mililita 200 hivi. Lakini GS hiyo inapimwa kwa mililita. Tundu lake halikuwekwa kuwa kipimo.

Sasa tazameni kinachotokea. Mafuta ndani ya difu yanahitaji hewa juu yake. Yakizidi, krauni inayachapa yanatoka povu, na povu halilainishi kitu. Joto linapanda, mafuta yanapanuka, hewa iliyobaki inabanwa, presha inatafuta pa kutokea. Panapokubali kwa wepesi ni ile sili kubwa upande wa tairi, pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke. Mdomo wake ukishasukumwa nje, haurudi.

Baada ya wiki mwenyewe anarudi: inavuja. Kijana anafanya nini? Anaongeza! Maana kwa akili yake, kinachovuja kimepungua. Kwa hiyo difu iliyokuwa inatapika kwa kushiba inalishwa tena. Safari ya tatu pedi za nyuma zimeshakunywa mafuta, na pedi iliyokunywa mafuta haioshwi kwa petroli ikapona, inatupwa. Hapo sasa anaitisha sili mpya, anaipachika, anajaza tena mpaka mdomoni, na sili mpya nayo inasalimu amri. Lawama anapewa muuza spea wa Darajani, ati kauza feki.

Difu ikivuja, chupa ibaki imefungwa. Mwageni yote kwenye kikombe chenye alama na mpime. Yakizidi 180, jibu mnalo. Yakipungua, angalieni unyevu umetokea wapi: kwenye mpira unaofunika maungio ya shafti, basi ni sili ya pinioni, upande wa tairi, ni ile kubwa. Na kabla ya kuagiza sili kubwa, inueni tairi, lishikeni juu na chini, mlitikise. Likicheza kwa kugonga, beringi imechoka, na sili yoyote mtakayoweka itakufa kwa sababu ile ile.

Kifaa cha kujazia mnacho duka la dawa la jirani: bomba la sindano la mililita 60, bila sindano, na kipande cha mpira mwembamba mbele yake. Kwa GS hiyo ni mabomba matatu. La nne liacheni.

5. Someni yaliyotoka kabla ya kuyamwaga. Ujivu laini wa rangi ya risasi kwenye sumaku ya bolti ni kawaida, futeni. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida, na mafuta mapya hayavitibu. Yakitoka meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hapa kwetu mara nyingi ni ya chumvi. Mtu amekata ufukweni maji yakiwa yamekupwa, difu ya moto ikazama kwenye dimbwi, hewa ya ndani ikapoa ghafla na kusinyaa, ikavuta maji kupitia kwenye sili au tundu la pumzi. Hiyo haingojei sevisi. Mwageni leo, jazeni, itembezeni kidogo, mwageni tena, jazeni. Vueni na ule mpira wa shafti muone kama ndani mna maji, maana huko kutu huanzia kwenye msalaba wa maungio na splaini, yale meno ya ncha ya shafti.

6. Washa, kile kiringi cha chini ya bolti, iwe mpya kila mara. Bolti za GS hukazwa kwa nyutoni-mita 20 tu. Nyumba ya difu ni aluminiamu, uzi ukikatika kazi inahamia kwa fundi wa kuchonga vyuma na bei inabadilika.

7. Kitabu cha GS kinasema kilomita 20,000 au miaka miwili. Unguja yote ina urefu wa kilomita 85 hivi, kwa hiyo pikipiki nyingi za hapa miaka miwili inatangulia. Msiangalie mita peke yake. Andikeni tarehe, aina ya mafuta na mililita kwenye utepe, mbandike chini ya siti, ili atakayeifungua baadaye asibahatishe. Kisha zungukeni kilomita kumi, mrudi, mpitishe kidole kwenye sili na chini ya bolti. Kikitoka kikavu, mpeni mwenyewe funguo.